Mpeleke mama akaone mji angali na miguu



Leo nataka tuiangalie amri ya nne, ila si kwa namna tuliyoikariri katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza. Nianze na swali. Mama yako alipokuja mara ya mwisho kukutembelea mjini, aliona nini?

Nauliza kwa sababu nimekuwa paroko mjini kwa miaka mingi, na nimekutana na akina mama wengi wa kijijini waliokuja kwa watoto wao. Nikipita kubariki nyumba nawakuta sebuleni, televisheni inawaka, mjukuu amelala mapajani, geti limefungwa kwa ndani. "Umefika lini, mama?" "Huu ni mwezi wa tatu, Padre." "Bahari umeshaiona?" Hapo anacheka. Bahari ataionea wapi? Aliletwa kwa kuwa mkwe amejifungua, au dada wa kazi ameondoka bila kuaga, au ana miadi ya macho hospitalini. Jumapili anapakiwa kwenye gari, anashushwa kanisani, anarudishwa. Akifika kijijini wenzake watamuuliza Dar es Salaam ikoje, naye atawajibu kuwa ni joto na mbu tu.

Sisemi kwamba watoto hawa ni wabaya. Wengi wao wanajitahidi sana. Wamemwezekea mama nyumba bati jipya, wanamtumia dawa za presha kila mwezi, wamemkatia bima. Mama anahudumiwa, tena vizuri. Lakini katika miezi hiyo mitatu hakuna aliyemwambia, "Mama, vaa viatu, twende tukatembee."

Msimamo wangu ni huu, na najua baadhi yenu hamtaupenda: kumtembeza mama yako, kumwonyesha uzuri wa dunia angali ana miguu ya kutembelea na macho ya kuonea, ni sehemu ya kumheshimu, kama vile dawa na bati. Na kama Mungu amekujalia kwenda nchi za nje, ukawa na mji huko unaoupenda, mji ambao ukirudi huishi kuusimulia, basi fanya kila uwezalo mama yako auone, tena akiwa na wewe.

Mji wangu mimi ni Roma. Nilitumwa huko kusoma nikiwa padre kijana, na kwa miaka ile niliuzoea hata nikajua ni kanisa gani lina ubaridi mzuri wakati wa joto la Agosti na ni basi gani la kuliogopa kwa sababu ya wezi wa mifukoni. Mwaka 2018 mimi na ndugu zangu tulichangishana, tukampeleka mama yetu. Alikuwa na miaka 76. Habari za kutafuta hati ya kusafiria na viza kwa mtu wa umri ule, asiye na cheti cha kuzaliwa, sitazieleza hapa. Inatosha kusema kwamba subira ni tunda la Roho Mtakatifu.

Kabla hatujaondoka, mzee mmoja wa ukoo alituita akatukalisha. Akasema fedha zile zingetosha kuweka marumaru nyumba nzima ya mama, na kubaki za kununua ng'ombe wa maziwa. Mwanamke wa miaka 76 akaone Roma ya nini? Hoja yake haikuwa ya kipumbavu. Ni hoja ya zamani sana, na ukiifungua Injili ya Yohane, sura ya 12, utaikuta Bethania, mezani. Mariamu amemimina marhamu ya nardo miguuni pa Bwana, na yupo mtu aliyepiga hesabu upesi: dinari mia tatu, maskini wangapi wangekula? Bwana alimwambia amwache, maana mama yule alikuwa ameiweka kwa ajili ya maziko yake.

Mara nyingi tunahubiri hapo juu ya Yuda na mfuko. Leo angalia saa. Mariamu alimimina siku sita kabla ya Pasaka, Bwana akiwa hai, mwenye miguu inayosikia ubaridi wa mafuta na pua inayosikia harufu. Alfajiri ya Jumapili wanawake wengine walikwenda kaburini na manukato waliyoyaandaa kwa upendo ule ule. Walikuta kaburi tupu. Ni kweli, Nikodemo alileta manemane na udi kiasi kikubwa mno Ijumaa jioni, wala simdharau. Lakini katika marhamu yote hayo, aliyoyafurahia Bwana kwa mwili wake ni yale ya Bethania.

Sasa linganisha na sisi. Mama akifariki, kundi la mtandaoni la ukoo linaundwa usiku huo huo. Michango inamiminika, jeneza la bei, turubai, sare za kitenge, mpiga video, basi la kuwaleta wafanyakazi wenzetu kutoka mjini. Nimezika watu wengi. Nimeona mazishi ambayo gharama yake ingempeleka marehemu Roma mara mbili, na ukiuliza marehemu alifika wapi katika uhai wake, jibu ni makao makuu ya wilaya, tena kwa ugonjwa. Manukato yetu ni ya Jumapili alfajiri.

Nirudi Roma. Nilikuwa nimemwandalia mama ratiba ya kihujaji, makanisa saba kwa siku tatu. Siku ya kwanza mchana ratiba ikafa. Barabara za katikati ya Roma zimetandikwa mawe madogo meusi ambayo ni mazuri kwenye picha na ni adui wa magoti. Kuanzia hapo tukawa tunaona kitu kimoja asubuhi, analala mchana, jioni tunatafuta benchi. Ulikuwa utaratibu bora kuliko wangu.

Kilichomshangaza mama hakikuwa kile nilichotarajia. Uwanja wa Mtakatifu Petro, wenye nguzo 284 za Bernini, aliutazama kwa heshima, akasema ni mkubwa, akaendelea na rozari yake. Alichokishangaa ni bomba za maji. Roma ina bomba za chuma mitaani, kama elfu mbili na mia tano hivi, ambazo wenyeji huziita pua kubwa kwa sababu ya umbo la mdomo wake, na maji yake safi yanatiririka mchana kutwa bila koki. "Nani anakuja kufunga usiku?" Nikamwambia hafungi mtu. Mama alichota maji kisimani tangu akiwa msichana mdogo, akipanda kilima na mtungi kichwani. Alisimama pale muda mrefu kuliko aliosimama mbele ya altare ya Papa. Nikamwonyesha ufundi wa watoto wa Roma: ukiziba mdomo wa chini kwa kidole, maji yanaruka juu kupitia kitundu kidogo, unakunywa bila kuinama. Akajaribu, akalowa kifua chote cha gauni, akacheka. Sikumbuki lini kabla ya hapo nilikuwa nimemwona mama yangu anacheka kama msichana.

Kwenye chemchemi ya Trevi, ile iliyokamilika mwaka 1762, aligoma kutupa sarafu. Fedha haitupwi majini. Nikamweleza kwamba sarafu zile huokotwa na kupelekwa Caritas ya Roma kwa ajili ya maskini. Akafikiri kidogo, akauliza kwa nini basi wasiweke kapu. Mimi mwenyewe hadi leo sina jibu la kuridhisha.

Mbele ya Pietà, ile sanamu ya Bikira Maria akiwa amempakata Mwanawe aliyekufa, ambayo Michelangelo aliichonga akiwa kijana wa miaka 24 hivi, aliuliza kwa nini Mama wa Mungu amewekwa nyuma ya kioo. Nikamwambia kwamba mwaka 1972 mtu mmoja aliingia na nyundo akaipiga. Mama akatikisa kichwa. "Hata huyu?" akasema. Basi.

Tulivuka mto Tiber tukaenda Trastevere, katika kanisa la Mtakatifu Fransisko a Ripa. Watalii wengi hulifuata kwa ajili ya sanamu nyingine ya Bernini. Mama alilifuata kwa sababu ndilo alilokabidhiwa Kardinali Laurean Rugambwa kama kanisa lake la heshima Yohane XXIII alipomfanya kardinali mwaka 1960. Mama yangu alipewa kipaimara na Rugambwa alipokuwa bado askofu wa Rutabo. Alipiga magoti akasali kwa Kihaya, kwa sauti, na mzee mmoja wa Kiitaliano aliyekuwa anafagia akasimamisha ufagio mpaka mama alipomaliza.

Haya yote ni mazuri, lakini sikuyaandikia makala. Niliyotaka kukuambia ni yale ya kanisa la Mtakatifu Augustino.

Kanisa hili liko karibu na Piazza Navona, na wengi wanalipita bila kuingia. Ukiingia tu, kwenye ukuta wa mlangoni, kuna sanamu ya marumaru ya Bikira Maria na Mtoto, kazi ya Jacopo Sansovino ya karne ya 16, ambayo Warumi humwita Mama wa Uzazi. Wanawake wajawazito humwendea kuomba wajifungue salama, na waliojibiwa huacha utepe, wa pinki kwa binti na wa samawati kwa mvulana, pamoja na picha za watoto. Mguu wa sanamu umeguswa na kubusiwa na watu wengi hata ukavikwa fedha.

Mama aliniuliza zile tepe ni za nini. Nikamweleza. Akakaa kwenye kiti cha karibu, akanyamaza. Kisha akaniita, si "Padre" kama anavyoniita siku zote, bali kwa jina langu la utotoni, na akaniambia kwamba kabla yangu alizaa mtoto mwingine, mvulana. Aliishi nusu siku. Hapakuwa na mtu pale aliyejua kwamba hata mlei anaweza kumbatiza mtoto aliye hatarini, na kufikia jioni alikuwa ameshakufa. Mwalimu mmoja wa dini alimwambia mama, msichana wa miaka 21, kwamba mtoto yule hatauona uso wa Mungu, atakaa mahali paitwapo limbo. Mama hakubisha. Alizaa wengine, akatulea, akatusomesha, mmoja akawa padre. Na kwa miaka 55 kila alipoingia kanisani alikuwa na swali hilo moja.

Akaniuliza, "Yuko wapi?"

Ndugu msomaji, nilisoma teolojia katika mji ule ule. Nilimjibu kwa kadiri Kanisa linavyofundisha. Katekisimu iliyotolewa mwaka 1992, katika namba 1261, inawakabidhi watoto waliokufa bila Ubatizo kwa huruma ya Mungu, anayetaka watu wote waokolewe, na inamkumbuka Yesu aliyewaita watoto wadogo wamwendee. Inasema tunaweza kutumaini kwamba ipo njia ya wokovu kwao. Mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia ilitoa hati nzima juu ya tumaini hilo, kwa idhini ya Papa Benedikto XVI. Wazo la limbo halikuwahi kuwa fundisho la imani linalomfunga mkristo. Nilimwambia haya taratibu, kwa Kihaya, bila maneno ya darasani. Akauliza kama aruhusiwe kumpa jina. Nikamwambia ampe. Alikuwa nalo tayari.

Kwa nini hakuniuliza nyumbani? Fikiria mwenyewe jinsi padre anavyokwenda kwao. Nafika, kengele inapigwa, jumuiya nzima imekuja, kuku kachinjwa, watu wana nia zao za misa, wana migogoro ya mashamba ya kusuluhishwa. Mama yuko jikoni akisimamia chakula cha Padre. Na wewe ambaye si padre, unafika Desemba na watoto na mizigo, siku nne, kuna kipaimara cha jirani na harusi ya binamu, kisha unawahi gari la kurudi. Mama yako anakaa nawe peke yake saa ngapi? Kule Roma hakuna aliyemjua yeye wala mimi. Hakuna chakula cha kusimamia. Tulikuwa watu wawili weusi kwenye benchi, mmoja akiwa amevua viatu.

Na sasa nimtaje yule ambaye kanisa lile linatunza mabaki yake, maana hata hatukuondoka pale bila kwenda kwake. Ukienda mbele, kikanisa cha kushoto kwa altare kuu, lipo kaburi la Mtakatifu Monika. Waafrika wenzetu, mama na mwana, walisafiri ughaibuni kabla yetu sisi.

Unajua habari za machozi ya Monika. Lakini soma tena Maungamo ya Augustino kama habari za safari. Mwaka 383 Augustino alitaka kwenda Roma, na hakutaka mama aende naye. Mama alimfuata mpaka pwani ya Karthago, akamng'ang'ania. Kijana akamdanganya kwamba anamsindikiza tu rafiki yake anayesubiri upepo. Akamshawishi mama alale katika kikanisa cha Mtakatifu Siprian kilichokuwa karibu, na usiku ule, mama akiwa anasali, meli ikang'oa nanga. Kulipokucha mama alikuwa peke yake ufukweni. Roma, kwa Augustino, ulikuwa mji wa kuuona bila mama.

Monika alivuka bahari akamfuata mpaka Milano. Pasaka ya mwaka 387 mwana alibatizwa na Askofu Ambrosi. Wakaanza safari ya kurudi Afrika, wakafika Ostia, bandari ya Roma, wapumzike kabla ya kupanda meli. Hapo ndipo palipotokea yale ya dirishani. Mama na mwana wameegemea dirisha linalotazama bustani, wawili tu, mbali na makelele ya watu, wanaongea juu ya uzima wa milele mpaka kwa kitambo kidogo wanahisi kama wameugusa. Mwana ana miaka 33, mama 56. Siku chache baadaye mama akashikwa na homa, na siku ya tisa ya ugonjwa akafa.

Angalia kwamba mazungumzo hayo makubwa, ambayo Kanisa limeyasoma kwa miaka zaidi ya 1,600, hayakufanyika nyumbani Tagaste, penye shamba, watumishi na majirani. Yalifanyika safarini, katika nyumba waliyofikia, siku ambayo hapakuwa na kazi ila kusubiri meli. Na mwana alikuwa ameacha kukimbia.

Mwaka 1945 vijana waliokuwa wakichimba shimo la nguzo kando ya kanisa dogo la Ostia walikuta kipande cha marumaru chenye maandishi ya kaburi lake la kwanza. Mwili wenyewe ulikuwa umeshahamishiwa Roma tangu 1430.

Katika kanisa hilo hilo ipo picha ya Caravaggio ya Bikira wa Loreto. Mahujaji wawili maskini wamepiga magoti mlangoni kwa Maria. Mwanamume ambaye nyayo zake chafu zinamtazama mtu usoni, na bibi kizee mwenye kilemba kilichochakaa. Siku zile ilizua gumzo kubwa, watu walisema nyayo kama zile hazifai juu ya altare. Mimi nawaona kuwa ni mwana aliyemleta mama yake. Wametembea kwa miguu njia yote, na mama hajavaa marumaru wala hana ng'ombe wa maziwa.

Najua barua zitakazokuja. Kuna atakayesema, "Padre, tunampeleka mama hija ya kikundi, inatosha." Hija ni jambo jema sana, na akina mama wa WAWATA wananufaika nazo. Lakini kumlipia mama nafasi katika basi la watu hamsini, siku tisa nchi mbili, ni kumpeleka. Si kwenda naye. Mfalme Konstantino alimgharamia mama yake Helena, akiwa mzee wa karibu miaka 80, aende Nchi Takatifu, na historia inamsifu. Alimpa hazina ya dola. Yeye hakwenda.

Mwingine atasema fedha hizo heri azitoe kanisani. Nasema haya nikiwa paroko ninayejenga, na ninayehitaji sana michango yenu: msinitoe mimi kama kisingizio. Katika Injili ya Marko, sura ya 7, Bwana aliwakemea vikali watu waliomwambia mzazi kwamba kile ambacho angefaidika nacho kimekuwa Korbani, sadaka kwa Mungu, na kwa hiyo hana chake. Bahasha ya ujenzi isiyopungua haitakuombea msamaha kwa mama aliyekaa sebuleni miezi mitatu.

Wapo ambao mama zao waliwatupa, au waliwaumiza kwa namna ambayo haielezeki gazetini. Sikuandikii wewe leo, wala sitaki usome hapa amri mpya ya kukutesa. Na wapo ambao mama ameshatangulia. Kwenu, Monika mwenyewe alisema neno: mwanzoni alitamani sana azikwe nyumbani kando ya mumewe, lakini alipokaribia kufa hakujali tena mwili utalazwa wapi, aliomba kitu kimoja tu, akumbukwe kwenye altare ya Bwana popote wanawe watakapokuwa. Hilo linawezekana hata leo asubuhi.

Na atakuwepo wa kuniambia kwamba Roma ni ya mapadre na matajiri. Ni kweli kabisa. Nimeitaja Roma kwa sababu ndio mji wangu. Wewe una wa kwako. Kama unaishi Muscat au Dubai na mama yako yuko Tanga, au kama wewe ni dereva wa magari makubwa na mji unaoupenda ni Kigali kwa usafi wake, ndio huo. Kama hujawahi kuvuka mpaka, mpeleke Bagamoyo, mahali Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipoanza kazi mwaka 1868. Asimame ufukweni penye msalaba, aone makaburi ya wamisionari waliokufa vijana kwa homa, aguse mbuyu, ale samaki. Mpandishe kivuko cha Kigamboni kwenda na kurudi bila sababu yoyote. Tangu 2024 treni ya umeme inafika Dodoma, mkalishe dirishani. Akina mama wa Dar wenye asili ya Kagera mnaweza kwenda upande wa pili: mlete huyo anayeishi kijijini hadi Kanisa Kuu la Bukoba, palipo mwili wa Kardinali Rugambwa tangu 2012. Wapo wanaokaa saa mbili tu kutoka hapo na hawajawahi kuliona.

Ila usichelewe. Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 19, Mfalme Daudi alimwalika mzee Barzilai kutoka Gileadi avuke naye Yordani, akaishi naye Yerusalemu, mji mzuri kuliko yote. Barzilai alikuwa amemlisha Daudi wakati wa shida, na Daudi hakuwa mchoyo. Lakini mzee alikuwa na miaka 80. Akajibu kwamba haonji tena ladha ya chakula wala hasikii vizuri sauti za waimbaji, angekuwa mzigo tu. Aachwe arudi akafe karibu na kaburi la wazazi wake. Daudi akambusu, akambariki, wakaagana mtoni. Hakuna aliyekosea pale. Mwaliko ulikuwa wa kweli na kukataa kulikuwa kwa haki. Miaka kumi tu.

Mama yangu sasa ana miaka zaidi ya 80 na hawezi tena safari ndefu. Kwa wale watakaojaliwa kufika Roma, kanisa la Mtakatifu Augustino halilipishi kiingilio. Hufungwa mchana, kwa hiyo fikeni asubuhi. Kama yalivyo makanisa mengi ya Roma, ukitaka kuiona picha ya Caravaggio vizuri uwe na sarafu ya kuwashia taa, tena beba mbili, kwa sababu inazimika upesi na mama atakuwa bado anatazama. Ngazi za mbele ni nyingi kidogo kwa mwenye magoti mabovu. Mshike mkono, pandeni polepole.